Gundi Rahisi na Vyuo vya Kale

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika zamani kwa mafundi wake wa kunakili na kujalidi misahafu. Karatasi walizoziandikia, nyingi zikitoka Italia, zilitengenezwa kwa matambara; ndiyo maana kurasa za miaka 200 bado hukunjika bila ya kukatika. Zilizoharibika ziliharibiwa na unyevu, mchwa na, baadaye, mkono wa mwenye huruma.

Mwaka 1930 Richard Drew wa kampuni ya 3M ya Marekani alibuni utepe wa selofani unaonata, ambao jamii yake watu wengi huiita selotepu. Ulikuwa rahisi na haukuhitaji fundi. Lakini gundi yake ya mpira hugeuka manjano, kisha hudhurungi, ikazama katika nyuzi za karatasi. Utepe hukauka ukabanduka, doa likabaki. Mara nyengine huondoka na wino. Aya ya msahafu itapatikana kwengine. Ubeti wa utenzi ulioandikwa katika chuo kimoja tu haupatikani tena. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yametufikia zaidi kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya kabla ya karne ya 19 kwisha.

Wala si vya rahisi peke yake vilivyodhuru. Tangu miaka ya 1930 William Barrow, huko Virginia, alizifunika hati kwa plastiki ya asetati iliyobanwa kwa moto. Nyaraka nyingi zilihifadhiwa hivyo kwa gharama kubwa, na mafundi wa leo hutaabika kuibandua. Baada ya mafuriko ya Florence ya tarehe 4 Novemba 1966, mafundi waliokusanyika kuokoa vitabu walieneza kanuni hii: tengeneza kwa namna itakayoweza kutenguliwa.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hata hivyo gundi ya wanga wa ngano, iliyopikwa na kuchujwa, nayo ni rahisi, na ikirutubishwa kwa maji huachia. Kwa kuwa huwavuta wadudu, ipakwe nyembamba, na kitabu kikae pakavu. Karatasi ya Kijapani ina bei, lakini kipande chembamba hutosha kuunga mpasuko. Asiye na vitu hivyo na akifunge chuo chake kwa ukanda wa pamba, akiweke ndani ya sanduku, amngojee fundi.