Nani Hupanga Mazishi? Mtaa, Ukoo na Kaburi Sombetini, Arusha

Lawama kuhusu gharama za misiba mijini zimezoeleka: jeneza la fahari, pilau, sare na basi la kukodi hadi kijijini Rombo, Kilimanjaro. Makala haya yanadai kwamba lawama hizo zinachanganya mambo mawili. Kusafirisha maiti kijijini kuna mantiki yake; kinachohitaji kurekebishwa ni jinsi uamuzi wa mazishi unavyofikiwa.

Sombetini ni kata ya Jiji la Arusha ambamo Wachaga, Wapare, Wameru na Warangi wanaishi ukuta kwa ukuta, huku wengi wakiwa na kwao kwingine. Msiba ukitokea, majirani ndio wanaotangulia. Turubai hufungwa, viti hukodiwa, kamati huundwa na daftari hufunguliwa: jina, ahadi, taslimu. Aliyeahidi bila kutoa hubaki na nafasi tupu mbele ya jina lake. Baada ya matanga wafiwa hulihifadhi daftari hilo, kwa kuwa ndilo litakalowakumbusha nani wa kumchangia zamu yake ikifika. Mchango wa msiba, basi, ni deni la heshima.

Hata hivyo, mtaa unaochanga hauamui mahali pa kuzika. Kwa Waislamu suala hili huwa jepesi: sanda, swala na makaburi ya karibu, mara nyingi siku hiyohiyo au ya pili. Kwa Mchaga, kaburi ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, huthibitisha kwamba marehemu alikuwa na sehemu yake pale, na watoto wake waliozaliwa mjini hupata pa kuegemea urithi ukigombewa. Nauli ya gari la maiti, kwa hesabu hiyo, inalinda haki ya ardhi. Anayeiita ubadhirifu hajaitazama ardhi.

Tatizo huanza pale mjane na ukoo wasipokubaliana. Mfano mkubwa zaidi katika ukanda wetu ni wa wakili S. M. Otieno wa Nairobi, aliyefariki Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mjane alidai mumewe alishatamka matakwa yake, lakini Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa Mei 1987, miezi mitano baada ya kufa. Kinyume chake, mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011, mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi, katika jeneza lisilo la mbao, kama alivyotaka. Desturi haikumzuia, kwa kuwa familia ilisimama na neno lake.

Dawa, basi, ni kuyaandika matakwa mapema. Wapo watakaosema kwamba kuandika matakwa ya mazishi ni uchuro. Hoja hiyo haina nguvu Sombetini, kwani wanachama wa vikundi vya kufa na kuzikana hukutana wakiwa wazima kupanga msiba ambao bado haujafika, na huandikisha wategemezi wao mapema. Kinachokosekana ni mistari miwili katika fomu ya uanachama: mahali pa kuzikwa na msemaji wa familia. Maandishi hayo pengine hayatamfunga hakimu, lakini yataipa kamati pa kusimamia kabla watu hawajafika mahakamani. Vikundi viiongeze mistari hiyo katika fomu zao, na viongozi wa ukoo waitwe kuisaini mwanachama mwenyewe akiwa hai.