Presha Iliyokuja na Safari

Mwaka 1929, jarida la tiba la Lancet la London lilichapisha ripoti ya C. P. Donnison, daktari aliyefanya kazi Kavirondo, magharibi mwa Kenya. Alikuwa amewapima presha watu wapatao 1,000. Vipimo vya vijana vilikaribiana na vya Wazungu. Baada ya umri wa miaka 40 njia ziliachana: presha ya Mzungu iliendelea kupanda, ya mtu wa Kavirondo ikashuka. Katika muda wa miaka 2 hivi hospitali ililaza wagonjwa wapatao 1,800, na Donnison hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda.

Niliisoma ripoti hiyo baada ya kustaafu uuguzi, na ilininyima usingizi. Maisha yangu ya kazi yalipita katika wodi za kando ya Ziwa Victoria, na huko presha ya kupanda ilikuwa habari ya kila asubuhi. Niliwauguza watu ambao huenda ni wajukuu wa hao 1,000. Nikataka kujua mioyo yao ilipatwa na nini katikati hapo.

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kazi hujieleza mwenyewe. "Sista, usiku nalala nimekaa," huniambia, na ndugu huongeza kwamba mito mitatu haimtoshi. Viatu vimegoma kuingia. Ukibonyeza mfupa wa goko kwa kidole gumba, shimo hubaki. Tumbo limejaa maji, mikono imekonda. Ndugu wengi walisema amerogwa, na sikuwahi kuwadharau, kwa sababu ugonjwa unaomvimbisha mtu bila jeraha wala homa unatisha. Nilichofanya ni kuwaeleza maji yale yanatoka wapi.

Yanatoka katika jitihada ya mwili kujiokoa. Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, figo hupata damu kidogo, nazo huchukulia kana kwamba mwili unavuja damu. Huanzisha mfululizo wa homoni zinazobana mishipa na kuzuia chumvi na maji visitoke kwenye mkojo. Kwa mtu aliyekatwa panga, mpango huo huokoa maisha. Kwa mwenye moyo dhaifu, humwongezea mzigo uleule uliomshinda. Upande wa kushoto ukilemewa, damu hurudi nyuma na maji kujaa mapafuni. Ndiyo maana mtu hawezi kulala chali. Upande wa kulia ukilemewa, maji hushukia miguuni, ini huvimba, tumbo hujaa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ernest Starling wa London alionyesha kwamba msuli wa moyo ukivutwa zaidi hujibana kwa nguvu zaidi. Lakini ni kama mpira wa manati: una kikomo, na ukivutwa kila siku hulegea.

Kulegea nako si aina pekee ya moyo kushindwa kazi. Chumba cha kushoto cha moyo mzima hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo kwa kila pigo. Kikitoa chini ya asilimia 40, madaktari husema moyo ni dhaifu. Wapo wengine ambao kiwango hicho kiko sawa kabisa, ila kuta zimekuwa nene na ngumu, hazifunguki vizuri kupokea damu. Wote wawili huhema na kuvimba vilevile. Bila kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, huwezi kuwatofautisha kwa macho.

Presha huweza kuleta aina zote mbili. Kwanza ukuta hunenepa kwa kusukuma dhidi ya mishipa iliyobana, kisha hukakamaa. Kwa wengine chumba hutanuka na kuchoka. Nikauliza: hii presha ambayo Donnison hakuiona ilifikaje? Jibu liliandikwa humuhumu Afrika Mashariki. Miaka ya 1960, A. G. Shaper na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kisamburu walioacha mifugo wakajiunga na jeshi la Kenya, na presha yao ikapanda wakiwa jeshini. Baadaye N. R. Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1990, ulionyesha kwamba presha ya wahamiaji ilikuwa juu kuliko ya waliobaki nyumbani tangu miezi ya mwanzo mjini, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi zaidi. Damu ilikuwa ni ileile ya mababu. Kilichobadilika ni maisha.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, safari nyingine ilikuwa imeshaacha alama yake. Mwaka 1948, J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havikuwa nao. Alipopasua mioyo ya marehemu alikuta vyumba vyake vimetandwa na kovu jeupe, gumu, lililoanzia kwenye ncha ya moyo na kuzuia damu isiingie. Wagonjwa wengi walikuwa na tumbo kubwa la maji huku miguu imevimba kidogo tu. Miongoni mwao walikuwamo maskini wengi waliotoka Rwanda na Burundi kutafuta kibarua Buganda. Watafiti wameshuku minyoo, mihogo, madini ya udongoni na njaa ya protini, na mjadala haujafungwa. Mwaka 2008, Ana Olga Mocumbi na wenzake walipima watu 1,063 katika eneo la vijijini la Msumbiji, wakaona dalili za kovu hilo kwa karibu mtu 1 kati ya 5.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa huanzia kwenye koo la mtoto. Bakteria wa mafindofindo wasipotibiwa, kinga ya mwili huweza kugeuka na kushambulia valvu za moyo. Miaka hupita kimya. Kisha binti anapata mimba, damu mwilini inaongezeka, valvu iliyosinyaa haiipitishi, naye anafika wodini akikohoa povu. Hao nimewazika. Na sindano ya penisilini ni ya bei ndogo: huko Gulu, Uganda, utafiti wa watoto 818 wenye dalili za mwanzo za valvu kuharibika, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kwa waliochomwa sindano kila wiki 4 kwa miaka 2, ugonjwa uliendelea kwa chini ya asilimia 1, na kwa wasiochomwa, zaidi ya asilimia 8.

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52, umri wa mtu anayesomesha watoto. Presha ilihusika kwa asilimia 45, valvu zilizoharibiwa tangu utotoni kwa asilimia 14. Miaka 83 tu baada ya Donnison, ugonjwa ambao hakuuona hata kwa mtu mmoja ulikuwa unaongoza.

Dawa zipo. Za kutoa maji hupunguza uvimbe, na zile zinazozuia homoni za figo zisiendelee kuubana mwili hurefusha maisha. Zinafanya kazi zikimezwa kila siku, hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Lakini historia hii yanifundisha jambo lililo kubwa kuliko dawa: ugonjwa ulioletwa na namna ya kuishi si urithi wetu wala si uchawi, na unaweza kupunguzwa. Pima presha yako japo huumwi popote. Punguza chumvi mezani. Mtoto akilalamika koo na homa, mpeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo, na amalize dozi.