Kambi ya Wapolandi Ifunda na maskauti wake

Kambi ya Ifunda ilikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ilikuwa Ifunda, kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, katika nyanda za juu kusini mwa Tanganyika (leo Tanzania). Kama kambi nyingine za Wapolandi Afrika ya Mashariki, ilikuwa na vikundi vya skauti vya wavulana na wasichana.

Asili ya wakimbizi

Mwaka 1939 Umoja wa Kisovyeti uliteka mashariki mwa Poland. Kati ya 1940 na 1941 familia nyingi za huko zilihamishwa kwa nguvu hadi Siberia na Kazakhstan. Baada ya mapatano ya Julai 1941 baadhi yao waliachiliwa, wakapitia Uajemi, na kuanzia 1942 takriban 18,000 waliletwa Afrika ya Mashariki na Kusini. Tanganyika kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala (karibu na Njombe), Kondoa na Morogoro. Wengi walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume walikuwa jeshini chini ya Jenerali Władysław Anders. Baadhi ya watoto walikuwa yatima.

Uskauti kambini

Uskauti wa Poland ulianzia Lwów (leo Lviv, Ukraine), ambako Andrzej Małkowski alitoa mwaka 1911 tafsiri ya kitabu cha Robert Baden-Powell. Mwanzilishi huyo alifariki Nyeri, Kenya, Januari 1941, muda mfupi kabla Wapolandi hawajafika.

Chama chao, Związek Harcerstwa Polskiego, kilikuwa na amri kumi. Ya mwisho ilimkataza skauti pombe na tumbaku, jambo ambalo halimo katika sheria ya Baden-Powell. Walisalimiana kwa neno "Czuwaj", yaani "kaa macho". Kwa uhaba wa wanaume, viongozi wengi walikuwa walimu wanawake na wasichana wakubwa. Kupiga hema na kuwasha moto ulikuwa upande mmoja tu wa kazi yao. Watoto waliotoka kwao wakiwa wadogo mno walijifunza penye moto huo nyimbo, lugha na historia ya nchi ambayo wengine hawakuikumbuka.

Kufungwa kwa kambi

Mipaka mipya iliyokubaliwa Yalta mwaka 1945 iliacha sehemu walikotoka ndani ya Umoja wa Kisovyeti, kwa hiyo wengi walikataa kurudi. Tangu 1947 walihudumiwa na Shirika la Kimataifa la Wakimbizi. Kambi ndogo zilifungwa moja baada ya nyingine na waliobaki wakapelekwa Tengeru, kisha Uingereza, Kanada na Australia. Katika nchi hizo vikundi vya skauti vya Kipolandi vipo hadi leo. Ifunda kuna makaburi ya Wapolandi, na mahali penyewe panajulikana zaidi kwa shule yake ya sekondari ya ufundi.