Ukoko wa Kangaga

Ukitaja uyoga, watu huwaza mguu na kofia. Parvobasidium cretatum haina hata kimoja. Ni kuvu ya nadra katika misitu ya Ulaya, na makazi yake ni kangaga zilizokufa: vile vikonyo vikavu vinavyobaki vimelala chini majani yakishanyauka. Okota kimoja, kigeuze, kitazame kwa kioo cha kukuzia. Utaona doa jeupe, jembamba, lisilo na ukingo. Linafifia tu hadi hujui limeishia wapi.

Padri Hubert Bourdot na mwenzake Amédée Galzin, Wafaransa waliotoa kitabu kikubwa cha kuvu za Ufaransa mwaka 1928, ndio walioiita cretatum, Kilatini cha kitu kilichopakwa chaki. Jina la kwanza ni la Walter Jülich, wa miaka ya 1970, nalo linasema basidio zake ni ndogo. Basidio ni seli inayobeba spora, na bila hadubini huioni. Basi nusu ya jina imetoka kwa aliyeangalia kikonyo, nusu kwa aliyeinamia hadubini.

Nasi tuziiteje kuvu za namna hii, zinazojitandaza bapa juu ya kuni na mabua? Fangasi haifai, msomaji atakagua vidole vyake vya miguu. Utando ungependeza, ila wanabiolojia wameshautwaa kwa ajili ya seli. Kigaga kinadai kidonda, na hapa hakuna wa kupona. Gamba ndilo linalokuja mdomoni upesi, nami nalikataa: gamba hubanduka. Kuvu hii imepenyeza nyuzi zake ndani ya kikonyo na inakila. Kinachoonekana nje ni sehemu ya kuzalia spora tu. Kura yangu naupa ukoko, ule wa chungu cha wali, ambao kuutoa ni kukwangua.

Atatokea mpishi aseme ukoko ni wa kahawia na una unene. Sawa, lakini istilahi ikishughulikia kundi zima haiwezi kumpendeza kila mmoja: Terana caerulea, ukoko mwingine wa misituni, ni ya buluu iliyokolea.

Imebaki ngeli. Kuvu ukoko hii, au kuvu ukoko huu? Mimi naandika hii, kwa kuwa neno kuu ni kuvu. Mhariri akibadilisha, tutaonana ofisini.