Ikama

Mwislamu akisikia neno ikama, hufikiria ule wito mfupi unaofuata adhana, waumini wanaponyanyuka kupanga safu. Aliyewahi kufanya kazi Saudia hukumbuka kadi yake ya ukaazi. Afisa utumishi wa Tanzania yeye huona jedwali: kada, vyeo, idadi ya wanaohitajika, waliopo, upungufu. Neno ni moja, la Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kusimama.

Naipenda ya msikitini kuliko zote, maana humtaka kila mtu ajue anasimama wapi. Ya ofisini mara nyingi hupikwa mezani. Msimu wa bajeti ukifika inanakiliwa ya mwaka jana, zinaongezwa nafasi mbili tatu, inapelekwa Utumishi kuombewa kibali. Hakuna aliyeshuka masjala kumuuliza mtunza kumbukumbu siku yake inaishaje: majalada mangapi anayafungua, mangapi anahangaika kuyatafuta, na nani alimpa kazi ya kupokea wageni. Kuuliza huko ndiko kuchambua kazi, na kulipaswa kutangulia hesabu ya vichwa.

Ukitaka kujua kama waliuliza, soma mstari wa mwisho wa orodha ya majukumu: kufanya kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi. Nilikuwa na mwenzangu ambaye mstari huo ndio uliokuwa kazi yake yote, asubuhi hadi jioni. Kwenye ikama alisomeka dereva.