Taa ya Buluu

Gari langu la kwanza lilikuwa linanisalimia kwa Kijapani. Kila nilipowasha, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye kiboksi kidogo chini ya usukani, sentensi moja fupi yenye adabu, kisha kimya. Dalali aliniambia anatuombea safari njema. Nilimwamini, kama nilivyomwamini kwa mambo mengine. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule mama alikuwa analalamika: kadi haijaingizwa. Kiboksi kile ni cha kulipia barabara kuu za Japani, na kwa miaka yote ambayo gari lilikuwa likizunguka Dar es Salaam kilikuwa bado kinadai kadi yake.

Lilikuwa Vitz la mwaka 2006, namba D, nimelinunua mkononi kwa shilingi milioni 8.5. Milioni 5 zilikuwa mkopo wa SACCOS ya kazini, wa miaka mitatu. Redio ilikuwa nzima ila haikupanda zaidi ya 90, kwa sababu gari lilitengenezwa wakati masafa ya FM ya Japani yakianzia 76 na kuishia 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Basi nilikuwa na gari linalosema lugha nisiyoijua na lisilosikia yangu. Nilifurahi hivyo hivyo.

Kwenye dashibodi yake hapakuwa na mshale wa joto. Kulikuwa na taa mbili tu: ya buluu, inayowaka injini ikiwa bado baridi, na nyekundu, ya hatari. Ya buluu ilikuwa inakaa sana. Asubuhi nikitoka Tabata ilibaki inawaka mpaka nafika Buguruni na foleni yote ile. Nikaichukulia kuwa habari njema. Gari halipati joto, nilijisemea.

Wiki ya tatu nilimrudisha baba Korogwe. Alikuwa amekuja Dar kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho la kulia. La kushoto lilikuwa linasubiri tukusanye hela. Hapa niseme jambo ambalo bado linaniuma. Baba ni fundi magari. Kuanzia 1974 mpaka lilipofia mikononi mwao miaka ya 1990, alikuwa karakana ya shirika moja la umma la usafirishaji. Gari nililonunua sikumwonyesha kabla ya kulipa. Nilijiambia kwamba haoni. Ukweli ni kwamba niliogopa angesema usinunue. Nilikwenda na fundi kijana aliyeletwa na dalali, akafungua boneti, akasikiliza injini kama daktari, akasema, "Dada, hii mashine haijaguswa."

Baba alitaka tupitie Kibaha badala ya njia ya Bagamoyo. Tulipofika Tamco akaniomba nipunguze mwendo. Kwa wengi wetu Tamco ni jina la kituo cha daladala. Kwake ni kiwanda: pale ndipo Tanzania, kwa msaada wa Uswidi, ilipokuwa inaunganisha malori ya Scania, na yeye aliwahi kutumwa kwenda kuchukua malori mapya ya shirika lake, yananuka rangi. Hapo hapo Kibaha ndiko jeshi lilikoanzisha mradi wa Nyumbu, gari lililobuniwa na Watanzania wenyewe. Alizungumzia yote hayo kwa jicho moja limefungwa bandeji, mkono ukiwa juu ya dashibodi, huku tukipitwa na magari ya IT, yale yanayotoka bandarini yakiwa hayajasajiliwa, yanakimbizwa Zambia na Kongo kabla hata vumbi la melini halijafutwa. Niliona kichekesho chake, ila sikusema.

Chalinze tukakata kulia. Lugoba, Msata, salama. Tulipovuka mto Wami na kuanza kupanda, mbele yetu kulikuwa na lori lenye tela linatambaa. Nikaweka gia ya chini nikalifuata. Nguvu ikapungua. Kisha ikaja harufu, kisha mvuke kutoka pembeni mwa boneti. Nikatazama dashibodi: taa nyekundu haikuwaka. Haikuwaka hata mara moja. Fundi mmoja baadaye alinieleza kwamba kile kinachopima joto hupima maji, na maji yakishakwisha hubaki kinaning'inia hewani, hakijui kitu.

"Zima," baba alisema. "Usifungue rejeta. Iache."

Dereva wa lori jingine alisimama, akamwamkia baba shikamoo, akakata matawi akayapanga barabarani nyuma yetu kama desturi ilivyo, akatuachia dumu la maji, akaondoka. Tulikaa karibu saa nzima kwenye jua. Baba aliposikia mlio wa chuma kinachopoa umekoma, aliniambia nifungue kifuniko. Alichovya kidole, akakisogeza karibu na jicho lake zima. Rangi ya chai ya maziwa.

"Kutu. Wamekuwa wanatia maji ya bomba." Akapapasa nyuma ya feni, akafuata waya kwa vidole mpaka mahali ulipokuwa umeungua. "Na feni wameiunga moja kwa moja." Akakaa kimya kidogo. "Ile taa ya buluu, ukiwasha asubuhi, inazima saa ngapi?"

Nikamwambia. Kutoka Tabata mpaka Buguruni.

"Basi na themostati wameitoa."

Nikamuuliza amejuaje bila kufungua. Akajifuta mikono kwenye majani. "Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha kuitoa."

Themostati ni mlango mdogo kati ya injini na rejeta, wenye nta ndani. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka humo humo mpaka yapate moto. Yakifika nyuzi 80 hivi, nta inayeyuka, inasukuma, mlango unafunguka na maji yanakwenda rejeta kupoa. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi muda mrefu, inakula mafuta, inajisaga taratibu. Haifi siku hiyo, na huo ndio uzuri wake. Lakini themostati iliyozeeka inaweza kukwama ikiwa imefunga, na hapo injini inakufa papo hapo.

Sasa jiweke kwenye karakana ya baba mwaka 1981. Vita vya Kagera vimeisha miaka miwili iliyopita na vimekomba hazina. Mafuta yamepanda bei duniani, mazao tunayouza hayaleti fedha za kigeni za kutosha, na gari na spea zake haziingii nchini mpaka fedha hizo zigawiwe. Kuagiza magari ilikuwa kazi ya State Motor Corporation. Mwananchi aliomba kibali na kungoja. Hata aliyekuwa na gari hakuruhusiwa kuliendesha Jumapili alasiri bila ruhusa, ili petroli isiishe. Lori lako liko Singida na mahindi ya watu, themostati imekwama, na themostati nyingine haipo Singida, haipo Dodoma, haipo Dar. Fundi aliyeitoa na kuitupa hakuwa mjinga. Alifanya hesabu ya mtu mwenye akili. Vivyo hivyo maji ya mtoni badala ya kulanti ambayo hakuna aliyekuwa anaiona, na vivyo hivyo feni iliyoungwa moja kwa moja baada ya swichi yake kufa.

Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha 2021, ameandika kwa kirefu kuhusu mafundi na gereji za Tanzania, na anawatetea: watu hawa walikuwa wabunifu, maarifa yao ni teknolojia kama teknolojia nyingine. Nakubaliana naye. Nilikubaliana naye kidogo zaidi kabla ya Wami.

Maana hali ile ilibadilika. Katika bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha na Nyerere akiwa bado Ikulu, serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mwinyi, Mzee Ruksa, na 1986 tukakubaliana na IMF. Bandari ikafunguka. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Dar wakaenda Dubai kutafuta magari yaliyotumika, na baadaye mkondo ukaja moja kwa moja kutoka Japani, nchi ambayo kwa bahati yetu nao huendesha kushoto. Spea zikajaa Kariakoo. Themostati ikawa kitu cha kununua dukani.

Ila mafundi waliozizoea karakana za mashirika, mashirika yalipokufa, waliondoka na spana zao na wakaanzisha gereji bubu chini ya miembe. Kila mmoja akachukua vijana. Kijana hafundishwi kwamba mwaka 1981 hapakuwa na spea. Anafundishwa kutoa themostati. Akiuliza kwa nini, anaambiwa ni kitu cha nchi za baridi. Sababu ilisahaulika, mazoea yakabaki, yakavuka kutoka lori la Scania hadi Vitz lenye injini ya alumini, chuma laini kisichosamehe joto.

Upande wa pili wa hadithi ni Japani kwenyewe. Sheria yao ya magari ya 1951 ndiyo msingi wa ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken: gari jipya hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ada, bima na matengenezo yake ni fedha nyingi, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake inaongezwa. Kwa hiyo gari zima kabisa linafika siku ambayo thamani yake ni ndogo kuliko gharama ya kulipitisha tena. Linapelekwa mnadani, linapewa alama kwenye karatasi, linapanda meli. Kutoka Japani, Ulaya na Marekani, kati ya 2015 na 2018, Umoja wa Mataifa ulihesabu magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliyouzwa nje. Kenya imejiwekea kikomo cha miaka minane, Uganda miaka 15 tangu 2018. Sisi hatukuweka kikomo. Tuliongeza ushuru kwa la zamani na kumwachia mnunuzi aamue.

Sipendi ile kauli kwamba tunaletewa takataka. Kwenye mlango wa dereva wa gari langu kulikuwa na karatasi ndogo ya Kijapani. Tarakimu nilizoweza kusoma ni kilometa na tarehe za kubadilishia oili. Mtu huko alikuwa amelitunza kwa zamu na kalenda, kwa sababu sheria ilimlazimisha. Liliposhuka bandarini liliacha sheria hiyo nyuma yake. Kilichofuata kilifanyika hapa, kwa mikono yetu, kwa nia njema kabisa.

Tulivutwa kwa kamba mpaka Chalinze. Hedi ilikuwa imepinda; ikapelekwa Dar kwa basi kusawazishwa kwenye mashine, ikarudi, gasketi mpya, rejeta ya mtumba, swichi ya feni. Shilingi 740,000. Nilikuwa nazo, ila zilikuwa za jicho la kushoto.

Nilimwambia baba nitalitelekeza gari pale pale, au nitaliuza kwa wauza spea. Alikuwa amekaa kwenye tairi, fundi na vijana wake wamemzunguka kwa sababu walishajua ni mzee wa kazi.

"Mkopo umeuza?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Basi jicho litasubiri. Hilo la kulia linatosha kuona ujinga wangu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Siku ya tatu, wakati wa kufunga, fundi wa Chalinze, kijana mzuri, msikivu, alisema kwa heshima kwamba themostati haina haja, mzee, huku ni joto. Baba hakubishana naye. Alimuuliza nani alimfundisha kazi. Kijana akataja jina. Baba akauliza, na huyo alifundishwa na nani? Jina la pili baba alikuwa analijua. Akacheka mpaka akajishika kwenye bampa, kisha akamwomba kijana asogee, akaanza kumwelezea habari za mwaka 1981.

Themostati niliinunua Kariakoo mwenyewe. Muuzaji alinipatia, akanipa chenji, akaniuliza kama nina uhakika naihitaji.

Kiboksi bado kinadai kadi. Sijakitoa. Jicho la kushoto limepangiwa tarehe, mwezi wa tatu, na baba atakuja kwa basi, amesisitiza. Kila Jumapili akipiga simu anaanza na salamu, kisha watoto, kisha mvua, kisha anauliza.

"Ya buluu inazima baada ya muda gani?"

"Dakika tano, baba. Sita nikiwa na foleni."

"Sita," anarudia, na ninamsikia upande wa pili akifikiria.