Walikotoka Makocha wa Jimnastiki wa UCLA

Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, yaani UCLA, si kigeni katika idara zetu. Ndiko alikofundisha Profesa Thomas Hinnebusch, ambaye pamoja na Sarah Mirza aliandika Kiswahili: Msingi wa Kusema, Kusoma na Kuandika, kitabu ambacho wengi wetu tumekitumia darasani au angalau tumekiazima kwa mwenzetu. Safari hii hatuendi kwenye sarufi. Tunakwenda kwenye jengo jingine la chuo hichohicho, ukumbi wa Pauley Pavilion, kuwatazama watu waliowafundisha wanafunzi wa kike mchezo wa jimnastiki.

Tuna sababu ya kwenda huko. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kila tukikutana swali ni lilelile: walimu watatoka wapi? Na je, mtu ambaye hakuzaliwa ndani ya lugha anaweza kuifundisha ikafundishika? Huko UCLA swali la namna hiyo liliwahi kujibiwa kwa vitendo.

Kwanza tuseme jinsi nafasi hizi za kazi zilivyopatikana. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria, maarufu kwa jina la Title IX, iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikaanza kuunda timu za wanawake, tena haraka, lakini makocha wenye uzoefu wa timu hizo hawakuwapo wa kutosha. Ikabidi kuwachukua waliokuwa karibu. Katika Chuo Kikuu cha Utah, kwa mfano, timu ilianzishwa mwaka 1975 na Greg Marsden, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya juu; akaiongoza kwa miaka arobaini, na ndiyo iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa wanawake ulioandaliwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, mwaka 1982.

UCLA yenyewe wakati huo ilisifika zaidi kwa wanaume. Katika Olimpiki ya 1984, mashindano ya jimnastiki yalifanyika humohumo Pauley Pavilion, na timu ya wanaume ya Marekani iliyoshinda dhahabu ilikuwa na vijana watatu wa UCLA: Peter Vidmar, Tim Daggett na Mitch Gaylord.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, bila kelele yoyote, alikuwa ameingia chuoni mcheza dansi wa baleti aliyeitwa Valorie Kondos, ambaye baada ya kuolewa alijulikana kama Valorie Kondos Field. Wanafunzi wake walimwita Miss Val. Huyu hakuwahi kuwa mwanajimnastiki. Kazi yake ya kwanza katika ukumbi wa jimnastiki, alipokuwa kijana, ilikuwa kupiga piano wakati wasichana wakifanya mazoezi ya sakafuni. UCLA ilimchukua mwaka 1983 awe msaidizi wa kutunga miondoko ya dansi, naye huku akisoma. Miaka michache baadaye akapewa ukocha mkuu, na msimu wake wa kwanza ukawa ule wa 1991.

Alianza vibaya, na mwenyewe amelisimulia jambo hili hadharani mara nyingi. Kwa kuwa hakuwa na historia ya mchezo, alidhani ni lazima aigize waliokuwa nayo. Akawa mkali, akasema kwa ubabe, akaiga makocha aliowaona wakishinda. Matokeo yakawa mabaya, na wanamichezo wake wakamwomba kikao, wakamweleza kwa muda mrefu jinsi maneno yake yalivyowaumiza. Alifikiria kuacha kazi. Kilichomzuia ni kitabu cha John Wooden, ambamo alikuta mafanikio yakielezwa kuwa ni utulivu wa nafsi wa mtu anayejua kwamba amefanya kadiri ya uwezo wake.

Hapa inafaa walimu wa lugha tusimame kidogo. Wooden, aliyeipa UCLA ubingwa wa mpira wa kikapu mara 10 kati ya 1964 na 1975, alisomea Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Purdue na akafundisha somo hilo katika shule ya sekondari kabla ya kuwa kocha wa chuo. Maisha yake yote alijiita mwalimu. Sisi wa Afrika Mashariki hatushangai sana, kwa kuwa wachezaji wa kandanda wa Tanzania huwaita makocha wao "mwalimu", na kwa maoni yetu neno hilo linasema mengi kuliko "kocha", tulilokopa tu. Basi mcheza dansi akajifunza ukocha wa jimnastiki kwa mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha mpira wa kikapu! Wooden alifariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 99.

Miss Val hakujifanya tena fundi wa kila kitu. Ufundi wa kuruka na wa vyuma aliwaachia wasaidizi walioujua, yeye akashika alichokijua: mwili unavyosimama jukwaani, muziki, na jinsi ya kuzungumza na msichana wa miaka kumi na minane. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1997, ukafuatwa na wa 2000, 2001, 2003, 2004 na 2010. Wa saba, wa mwaka 2018, ulipatikana kwa alama 198.0750 dhidi ya 198.0375 za Oklahoma. Mwezi Januari 2019 mwanafunzi wake Katelyn Ohashi alipata alama 10 kamili sakafuni, na video yake ikatazamwa na mamilioni ya watu duniani. Ohashi alikuwa ameuchukia mchezo huu alipokuwa mdogo. Chuoni ndipo alipocheka tena.

Isidhaniwe kwamba wenye historia ya mchezo hawakuwapo. Jordyn Wieber, bingwa wa dunia wa 2011 na mshindi wa dhahabu ya timu mjini London 2012, alikuwa msaidizi wa Miss Val, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Arkansas kikamwajiri kuwa kocha mkuu. Chris Waller, aliyeshiriki Olimpiki ya 1992, alitoka katika timu ya wanaume ya UCLA, timu ambayo chuo kiliifuta mwaka 1994. Yeye ndiye aliyerithi kiti mwaka 2019. Mapema mwaka 2022 timu iligawanyika kwa sababu ya maneno ya kibaguzi yaliyosemwa na mmoja wa wanamichezo, na wenzake wakalalamika kwamba wakubwa hawakuwasikiliza ipasavyo. Waller akaondoka mwaka huohuo.

Aliyechukua nafasi yake ni Janelle McDonald, aliyekuwa kocha msaidizi kule Berkeley, chuo kikuu kingine cha California. Jina lake halikuwa kwenye orodha yoyote ya washindi wa Olimpiki. Mwaka 2025 timu yake ilimaliza ya pili nchini Marekani, nyuma ya Oklahoma.